Ruhusa ya Jirani

Nilipokuwa mdogo, reli pekee niliyowahi kusikia kwamba ipo Oman ilipita nyuma ya jiko letu. Ilikuwa na urefu wa mita mia nane na kidogo. Ilianzia kwenye mashamba ya mwisho kabisa ya tende pale Samad Ash Shan, ikapita katikati ya mitende, ikavuka falaji, mfereji wetu wa maji, mara moja, ikaishia kando ya barabara ya lami. Kichwa chake kilikuwa mashine ya dizeli ya kuvutia maji kisimani, iliyofungwa juu ya magurudumu manne. Mabehewa nayo yalikuwa manne. Na ruhusa ya kuvuka falaji ilipatikana kwa sababu mzee mmoja hakusikia neno kama lilivyosemwa. Au tuseme alilisikia vizuri sana, ila kwa lugha nyingine.

Wiki iliyopita nilisimama gereji moja pale Ibra kubadilisha oili ya gari. Fundi alikuwa amefukiza ubani mlangoni, na moshi wake ukachanganyika na harufu ya dizeli iliyomwagika sakafuni. Nikasahau nilichofuata. Fundi aliniuliza mara mbili ninataka oili gani, nami nilikuwa nimesimama namtazama kama mtu aliyepotea, kwa sababu harufu hizo mbili kwa pamoja nilikuwa nimezinusa mahali pamoja tu duniani.

Nianze na Baba. Alizaliwa Tabora, na ujana wake aliumaliza kwenye tawi la reli liendalo Mpanda, akiwa fundi wa njia. Kwa maelezo yake, lilikuwa tawi dogo ambalo treni yake ilibeba tumbaku, asali na watu wenye subira. Alipohamia Oman alipata kazi ya ghala Maskati, na sisi, yaani mimi, Mama, na Bibi mzaa mama, tukakaa Samad kwenye nyumba ya ukoo wa Baba. Alikuja Alhamisi mchana na kuondoka Ijumaa alasiri. Wengi wenu mliokua miaka ile mnajua maisha hayo: viatu vya baba mlangoni, kisha hakuna viatu. Kwa hesabu yangu nilikuwa na baba siku moja kwa wiki, na nusu ya siku hiyo alikuwa amelala.

Kule mwisho wa falaji kulikuwa na mashamba tisa, na la kwetu lilikuwa mojawapo. Yalikuwa yanaachwa, moja baada ya jingine. Sababu yake niliielewa hata utotoni. Tende zetu nyingi ni mabsli, ambazo hukatwa zingali ngumu na za manjano, zikachemshwa siku ile ile kwenye masufuria makubwa ya shaba, kisha zikaanikwa. Zikikawia chini ya mtende siku mbili katika joto lile, zinalainika, na hapo hazifai tena kuchemshwa. Lakini vichochoro vya kwenda mashamba yale, vilivyobanwa na kuta za udongo pande zote mbili, vilipitisha punda mmoja mwenye makapu mawili. Pikapu haikuingia. Mwenye punda alikuwa Mbaraka, jirani yetu aliyekulia Bujumbura, mtu wa maneno mengi. Alikuwa na punda watatu, na msimu wa mavuno mashamba yote tisa yalimgombania yeye mmoja.

Siku moja ya Ijumaa tulikwenda kutembea milimani, na nyuma ya kilima kimoja tukakuta machimbo yaliyoachwa. Baba alikuwa anatafuta kivuli cha kuegesha gari. Ghafla akashuka, akapiga magoti, akaanza kufukua mchanga kwa mikono.

"Wallahi, reli!"

"Ni chuma tu, Baba Zuwena," Mama alisema. "Njoo ule, wali unapoa."

"Siyo chuma tu. Hebu njoo ushike."

Mama hakwenda kushika. Mimi nilikwenda. Ilikuwa ya moto sana, nikaondoa mkono. Baba alipima upana kati ya pao mbili za reli: dhiraa moja na shubiri. Akacheka peke yake. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka akiwa hajaambiwa kitu cha kuchekesha. Chini ya mwamba kulikuwa na vitoroli vinne vya kubebea mawe, vimejaa kutu, na Baba akavizunguka kimoja kimoja akivipigapiga kama mtu anayechagua mbuzi.

Mwenye machimbo alifurahi kuondolewa vyuma vyake. Baada ya hapo nilisikia mazungumzo ambayo sikutakiwa kuyasikia. Nilikuwa nyuma ya mlango wa jiko. Baba alimwambia Mama kwamba ameomba likizo ya msimu mmoja bila mshahara.

"Msimu mmoja tu," alisema. "Reli ikikubali, sirudi Maskati. Ikikataa, narudi, na neno reli hutalisikia tena kinywani mwangu."

Mimi nyuma ya mlango nilishaamua kwamba reli itakubali.

Sasa ile ruhusa. Falaji ina wakili wake, anayesimamia zamu za maji, na huwezi kuweka hata ubao juu yake bila idhini yake. Wakili wetu alikuwa Mzee Hamedi, mtu mwembamba, mkimya, ambaye hakuwahi kutoka Oman na hakujua Kiswahili. Baba Kiarabu alikijua cha madrasani Tabora na cha ghalani Maskati, na kati ya hivyo viwili kulikuwa na mashimo. Alikwenda kumwona baada ya sala ya alasiri, nami nikamfuata. Alieleza vizuri mpaka alipofika kwenye jina lenyewe. Neno la Kiarabu la treni halikumjia. Akatumia letu: akaomba *gari* lipite juu ya falaji.

Watu wa Samad hutamka jimu, herufi ya j ya Kiarabu, kwa sauti ya g. Jirani, ambaye Mwarabu wa kwenye vitabu humwita *jar*, wao humwita *gar*. Na ukitaka kusema jirani yangu, unasema *gari*.

Mzee Hamedi alishangaa kuombwa jambo dogo vile. "Jirani yako?" alisema. "Apite. Nani anamzuia jirani kupita?"

Baba alimshukuru mpaka akamchosha. Tukarudi nyumbani mbio, yeye mbele mimi nyuma, na kesho yake akaanza kutandika njia.

Ilichukua wiki tano. Mataruma ya kulazia pao alikata kwenye magogo ya mitende iliyokufa. Mzee Hamedi alipita mara mbili akaona vyuma vimelala chini, akatoa salamu, akaenda zake. Siku njia ilipofika ukingo wa falaji, akasimama.

"Ya Sefu," alimwita Baba. "Jirani yuko wapi?"

"Jirani gani, shekhe?"

"Yule uliyeniombea apite. Mwezi mzima nangoja nimwone. Naona mabomba tu."

"Haya si mabomba. Hii ndiyo njia yake."

"Jirani anatembea juu ya mabomba?"

Mbaraka alikuwa anapita na punda wake, na alijua lugha zote mbili. Alianza kucheka mpaka akashika ukuta. "Jirani mwenyewe anakunywa dizeli, ya wakili!" alisema kwa Kiarabu. Kisha akatugeukia kwa Kiswahili: "Bwana Reli, umemwombea ruhusa jirani! Leo nimekukoma!"

Baba alijaribu kueleza, na kila alivyoeleza mambo yalizidi kuharibika. Aliitaja Tabora, akataja dizeli, akachora treni mchangani kwa kidole. Mzee Hamedi aliitazama ile picha, kisha akayatazama maji. Maji yale yanapotoka pale yanakwenda msikitini, kisha kwenye nyumba, kisha mashambani. Watu walikuwa bado wanayanywa.

"Nilisema apite," alisema mwishoni. "Neno limeshatoka, na sikuuliza jirani ana miguu au magurudumu. Lakini sikiliza, ya Sefu. Siku ya kwanza ya kukata tende nitakuja na wenye maji. Nitatandika nguo nyeupe hapa juu ya falaji. Jirani wako avuke na mzigo wake. Nikiona tone moja la mafuta juu ya nguo, vyuma hivi vinang'olewa siku hiyo hiyo."

Kwa hiyo likizo ya Baba, na viatu vyake mlangoni, vilisimama juu ya kipande cha nguo.

Baba aliifungua ile mashine yote. Wakati huo ilikuwa inatoa moshi mweusi mzito na inavuja kila mahali. Alibadilisha ringi, akakata gaskiti mpya kwa mkasi wa Mama, akafunga kinga ya bati chini. Nilikaa naye kila siku nikimpa spana na kuuliza maswali. Alinijibu yote, hata ya kipumbavu. Lakini swali moja nilimpelekea mtu mwingine.

Bibi alizaliwa Unguja mjini, na hakusema treni kamwe. Alisema gari la moshi. Mama yake alikuwa amemsimulia habari za lile lililokwenda Bububu, namna lilivyorusha cheche na watoto wakalikimbilia.

"Bibi, kwa nini linaitwa la moshi?"

"Si ndio unaolivuta, mjukuu wangu. Bila moshi haliendi. Moshi ndio roho yake."

Bibi alikuwa mkweli, kwa gari alilosimuliwa. Mimi niliyachukua maneno yale nikayaweka kwenye mashine ya kisima.

Asubuhi ya siku ile mabehewa yalikuwa yamejaa tende tangu jua halijapanda. Wenye maji, kama kumi na wawili, walikaa kwenye kivuli cha ukuta kando ya falaji. Mzee Hamedi alikuja na shuka jipya, jeupe, bado lina mikunjo ya dukani, akalitandika juu ya mbao zilizofunika maji, kati ya pao mbili. Mimi nilikuwa upande wa juu, karibu na kichwa. Baba aliwasha mashine. Ikanguruma vizuri kuliko siku zote. Ila moshi haukutoka. Nilizunguka nyuma nikatazama bomba. Hewa tu ilikuwa inatetemeka.

Baba alikuwa amesafisha mpaka ameitoa roho. Itakwenda hatua tatu isimame, mbele ya wote wale, na kesho viatu visionekane mlangoni. Nilitaka kumwambia, lakini alikuwa anakagua minyororo ya mabehewa, na uso wake haukuwa wa kuambiwa kitu. Nikakimbia jikoni. Chetezo cha Bibi kilikuwa kinawaka, kwa sababu siku ya mavuno hufukizwa nyumba. Nikatia ubani kiganja kizima, nikarudi nacho mbio, nikakipachika kwenye kibao cha mbele ya mashine, na moshi ukapanda mweupe, mzito, mzuri. Nikatulia.

Baba alipanda nyuma ya mashine, akasoma bismillahi, akavuta kishikio. Tukaondoka. Nasema tukaondoka ingawa mimi nilikuwa nakimbia kandokando. Mabehewa manne yaligongana, moja baada ya jingine, kisha yakafuatana kama yalizaliwa kwa kazi hiyo. Baba akaanza kukohoa. Upepo wa mwendo ulikuwa unamletea ubani usoni, akawa anatazama huku na huku kutafuta kinachoungua. Watoto wa mtaa mzima wakaja. Mbaraka alisimama juu ya ukuta na kupiga kelele, "Bwana Reli, hiyo treni au harusi?" Magurudumu yakaingia kwenye daraja. Mbao zikalia. Kichwa kikavuka, behewa la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Upande wa pili Baba akasimamisha, akazima mashine, na sauti ya maji ikasikika tena.

Mzee Hamedi aliinama akavuta shuka. Katikati yake palikuwa na doa. Lilikuwa na ukubwa wa punje ya maharage, la rangi ya kahawia iliyokaribia nyeusi, linang'aa.

Mbaraka akasema kwa sauti ya chini: "Basi, Bwana Reli. Maskati wanakuita."

Baba alishuka. Alilitazama lile doa, kisha akaitazama mashine yake, na nikaona anahesabu kichwani kila boliti aliyoikaza. Alikuwa anatafuta kosa lake, na hakuwa na kosa. Sikuweza kuvumilia.

"Ni mimi!" nilipiga kelele. "Nimelitia moshi! Lilikuwa halina moshi!"

Kiswahili kile wengi wao hawakukielewa. Mzee Hamedi alinitazama, akatazama chetezo kilichoinama kwenye kibao, kisha akaweka kidole gumba juu ya doa. Lilikuwa limeshaanza kuwa gumu. Akalibandua kwa ukucha, akanusa. Akalitia mdomoni, akatafuna.

"Ubani," alisema.

Akaendelea kulitafuna kwa utulivu huku watu kumi na wawili wakimngoja. "Huu tunautia wenyewe kwenye maji ya kunywa." Akaligeuza shuka pande zote mbili, akalinyoosha juani kila mtu alione. Mbali na alama ile hapakuwa na kitu. "Mtoto anasema nini?"

Baba alieleza, na safari hii Kiarabu chake hakikukwama hata neno moja. Alieleza habari za Bibi, za Bububu, za roho ya gari la moshi. Wazee wale walicheka mpaka mmoja akavua kilemba akajipangusa macho. Mzee Hamedi hakucheka kwa sauti. Alilikunja shuka lake vizuri.

"Mwambie jirani," alisema, "kila asubuhi akivuka mara ya kwanza, avuke ananukia hivi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Msimu ule wote safari ya kwanza ilivuka na chetezo, sasa kimefungwa kwa waya kisiinamie, na harufu ya ubani na dizeli ikaingia madirishani mwetu kabla ya chai.

Ningependa mngeona ratiba yake. Baba aliiandika kwenye kadibodi na kuipigilia kwenye mtende kando ya lami, na haikufuata saa bali zamu za maji. Shamba likipata maji, ardhi yake inalainika na mataruma yanazama, kwa hiyo treni ilisubiri. Zamu za falaji hupimwa kwa athar, yaani nusu saa. Ukimuuliza Baba treni ya pili inaondoka lini, atakujibu: "Athar mbili baada ya maji kutoka kwa akina Khalfani." Wote walimwelewa. Nadhani hakuna reli nyingine duniani ambayo abiria wake, kama ingekuwa na abiria, wangehitaji kujua nani anamwagilia leo.

Iliacha njia mara tatu wiki ya kwanza. Mchwa walikula mataruma. Mbuzi walipenda kulala relini kwa sababu asubuhi chuma kilikuwa baridi. Mbaraka, baada ya siku nne za kutukana, alikuja mwenyewe kuomba kazi ya breki, akawa anakaa behewa la mwisho na gogo lake la kukandamiza gurudumu, na bado anatukana. "Punda wangu," alisema kila tulipokwama, "ndio ekspresi." Lakini tende za mashamba tisa zilifika kwenye masufuria siku ile ile zilizokatwa, zote, na watu waliokuwa wameshafunga milango ya mashamba yao walikuja kufungua makufuli.

Mwisho wa msimu Baba aliandika barua Maskati. Niliiona, ilikuwa na mistari miwili. Mwaka ule nilianza kupelekwa shule na baba yangu, kila siku, nikaona ni jambo la kawaida baada ya wiki mbili tu.

Reli ilifanya kazi misimu sita. Wa saba, wadi, yaani mafuriko ya bonde kavu kutoka milimani, ilishuka mchana mmoja, kukiwa hakuna hata wingu juu yetu, ikala kipande chote cha katikati na kuzipinda pao kama waya. Baba alizikusanya zilizobaki akazipanga nyuma ya nyumba, akazipaka oili, na kila mwaka huzipaka tena. Maskati hakurudi.

Mwaka huu wenye mashamba wamekutana. Wengi ni vijana, hawapati watu wa kubeba, na mmoja wao ni mhandisi aliyepima njia yote kwa simu yake. Wamekubaliana reli irudi, na injini ya umeme. Mtoto wa Mzee Hamedi, ambaye sasa ndiye wakili, ametia saini. Wenye mashamba wanane wametia saini. Shamba la katikati, pale wadi ilipopita, mwenyewe amefariki, na mrithi wake pekee anaishi Mpanda. Bila yeye hakuna pa kupitisha.

Baba, kwa miguu yake mibovu, ameshapigilia vigingi kutoka pande zote mbili mpaka ukutani kwa shamba hilo. Kila asubuhi ananipigia kuuliza kama nimempata mrithi. Namba ya Mpanda nimeipata kwa watu watatu tofauti, na ni ile ile moja. Nimeipiga mara kumi na moja. Inaita mpaka inakata, na kesho nitaipiga tena.